Amana ya Nyoyo za Watu: Kazi ya Mwanafunzi Katika Maabara ya Hisia

Mwanafunzi wa saikolojia anapoandika nyumbani kwamba amepata kazi ya muda maabara, mzazi huuliza kwanza ni maabara gani hiyo. Maabara tuijuayo ina darubini, chupa na vipimo vya damu. Hii anayoieleza kijana ina kiti, kompyuta, kamera ndogo na karatasi za maswali. Kisha hufuata swali la pili, nalo ni zito zaidi: watu wanafundishwa kutuliza hasira na huzuni kwa majaribio ya chuo kikuu, ilhali sisi tunayo Qur'an na Sunna? Maswali yote mawili ni ya haki, na kijana asiyejibiwa nyumbani huyabeba peke yake hadi chuoni. Wiki hii tumeyatengea ukurasa wa familia.

Fani yenyewe huitwa udhibiti wa hisia. Makusudio yake si kuziua hisia. Inachunguza yale yote mtu ayafanyayo, kwa kukusudia au kwa mazoea, ili hisia ije au isije, ikae muda gani, na ionekane vipi mbele za watu. Aliyeipanga fani hii kwa namna inayofuatwa na wengi ni James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1998 alichapisha jaribio lililohusisha wanafunzi 120. Walioneshwa filamu ya kuchukiza: matibabu ya watu walioungua, na mkono wa mtu unaokatwa na madaktari. Kundi moja liliambiwa litazame tu. Kundi la pili liliambiwa lizuie uso na mwili, hata mtu akiwaangalia asijue wanahisi nini. La tatu liliambiwa litazame kwa jicho la kitaalamu, likizingatia ufundi wa kinachofanyika.

Makundi yote mawili ya mwisho yalionesha machukizo kidogo usoni. Lakini ndani hayakuwa sawa. Waliotazama kwa jicho jingine walihisi machukizo machache kweli. Waliozuia uso walihisi vilevile kama waliotazama tu, na miili yao ikafanya kazi kubwa zaidi, kama vipimo vya vidole vyao vilivyoonesha. Chungu kinachochemka ukikifunika, watu hawauoni tena mvuke, lakini kuni bado ziko chini yake. Gross anasema kwamba ziko hatua kadhaa za kuziondoa kuni kabla chungu hakijachemka: kutokwenda mahali penye ugomvi, kuibadili hali iliyopo, kuyahamisha macho na fikra, au kulipa jambo maana nyingine. Kuzima uso huja mwisho, pale ambapo mengine yote yamekwisha kupita.

Hapa msomaji Muislamu anastahili kusimama kidogo. Katika Surat Aal Imran, Allah (s.w.) anawasifu wacha Mungu kwa kuzuia ghadhabu zao. Je, jaribio la Stanford linaipinga sifa hiyo? Tunaona kwamba halipingi, na sababu imo ndani ya aya yenyewe. Haikuishia kwenye kuzuia ghadhabu. Mara baada yake wametajwa wenye kuwasamehe watu, kisha wenye kutenda wema. Aliyezuia ghadhabu na hakusamehe amekanyaga ngazi ya kwanza akabaki hapo hapo.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia, aliieleza tofauti hiyo katika Ihyaa Ulumid-Din. Kwake yeye upole wa kweli, yaani hilm, ni bora kuliko kuzuia ghadhabu, kwa kuwa anayezuia anapambana na moto uliokwisha kuwaka, na mwenye hilm moto wake hauwaki ovyo. Lakini hakuishusha thamani ngazi ya kwanza. Alieleza kwamba mtu akijilazimisha upole kwa muda, mazoea hugeuka tabia, na siku moja hana tena haja ya kujilazimisha. Huo ndio msingi wa neno mafunzo katika mafunzo ya kudhibiti hisia ambayo vyuo vikuu vinayapima leo: kwamba tabia ya moyo hujengwa kwa mazoezi yanayorudiwa, kama mkono wa fundi.

Hata maelekezo ya Mtume (s.a.w.) kuhusu hasira hayasemi tu kwamba mtu afunge mdomo na kuumia. Aliyesimama aketi, na asipotulia ajilaze. Aliyekasirika anyamaze. Kadhi asitoe hukumu akiwa na ghadhabu. Haya yanagusa mwili, ulimi, mahali na wakati, na mengi yake huja kabla ya uharibifu. Tena Mtume (s.a.w.) mwenyewe alilia mbele za watu alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Tunalisema hili kwa sababu katika nyumba zetu nyingi mtoto wa kiume hukatazwa kulia msibani, na mke mwenye kuumia huambiwa asubiri, kwa maana ya kwamba asiseme. Subira ya namna hiyo ni kifuniko juu ya chungu. Wanaoibeba huugua, na watu wa nyumbani hawajui kwa nini.

Elimu hii basi si ngeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, aliandika kitabu kuhusu masilahi ya miili na nafsi, na katika sehemu ya nafsi akazungumzia ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi. Ushauri wake mmoja unapaswa kufundishwa madrasa: mtu ajiwekee akiba ya fikra njema wakati moyo umetulia, kama watu wanavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya ugonjwa wa ghafla, kwa sababu wakati wa hamaki hakuna atakayeweza kuzitafuta. Sehemu hiyo ya kitabu ilitafsiriwa kwa Kiingereza na marehemu Profesa Malik Badri wa Sudan ikatoka mwaka 2013. Badri ndiye aliyetumia umri wake kuwaambia wanasaikolojia wa Kiislamu wasimeze kila kitu cha fani hii, na wasikitupe kila kitu.

Turudi kwenye mafunzo yanayopimwa sasa. Katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, watafiti Bryan Denny na Kevin Ochsner walichapisha mwaka 2014 matokeo ya mafunzo ya vikao vinne. Washiriki walioneshwa picha za kuumiza moyo. Baadhi yao walifundishwa kuzitazama kana kwamba wako mbali, kama shahidi asiye na upande. Hao walipungukiwa na maumivu ya moyo kadiri vikao vilivyoendelea, hata kwa picha ambazo hawakuagizwa wajitulize nazo, na msongo wa maisha yao ya kila siku ukapungua pia.

Jaribio linalotugusa zaidi ni la ndoa. Eli Finkel wa Chuo Kikuu cha Northwestern na wenzake waliwafuatilia wanandoa, jozi 120, wa eneo la Chicago kwa miaka miwili. Kila baada ya miezi minne waliandika kuhusu ugomvi wao mkubwa wa kipindi hicho. Mwaka wa kwanza ubora wa ndoa ulishuka kwa wote. Mwaka wa pili nusu yao waliongezewa kazi ya dakika saba: kuufikiria ugomvi ule kwa macho ya mtu wa tatu anayewatakia heri wote wawili, na kuandika angeonaje. Mara tatu kwa mwaka, jumla ya dakika 21. Waliofanya hivyo, ubora wa ndoa zao uliacha kushuka. Wenzao uliendelea kushuka.

Msomaji atakuwa amekwisha kumkumbuka mwamuzi wa upande wa mume na mwamuzi wa upande wa mke, waliotajwa katika Surat An-Nisaa. Sisi tumezoea kuwaita wazee wakati nyumba imekwisha kubomoka, mke yuko kwao na mahari yanajadiliwa. Dakika zile saba ni kumkaribisha mwamuzi moyoni mapema, kabla hajahitajika sebuleni.

Sasa, majaribio haya hayafanywi na maprofesa peke yao. Jina la profesa huandikwa juu ya makala, lakini anayempokea mshiriki mlangoni mara nyingi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu. Yeye ndiye anayempigia simu kumkumbusha siku yake, anayemsomea karatasi ya ridhaa na kumweleza kwamba anaweza kuondoka wakati wowote bila kulaumiwa. Ndiye anayembandika vipimo vya jasho vidoleni, anayewasha filamu, anayesoma maelekezo ya mafunzo. Maelekezo hayo husomwa neno kwa neno kama yalivyoandikwa. Msaidizi mwenye huruma akiongeza neno moja la kumtia moyo mshiriki aliyempenda, ameharibu ulinganisho, kwa sababu haitajulikana tena kama kilichomtuliza mtu yule ni mafunzo au ni wema wa msaidizi.

Baada ya hapo huja kazi ndefu isiyoonekana. Mazungumzo yaliyorekodiwa hutazamwa tena na tena na kuwekewa alama: hapa alikunja uso, hapa sauti ilipanda, hapa alijaribu kuliona jambo kwa namna nyingine. Uko mfumo wa kusoma misuli ya uso uliotolewa na Paul Ekman na Wallace Friesen mwaka 1978, na kujifunza mfumo huo peke yake huchukua majuma mengi. Wasaidizi wawili huitazama rekodi moja kila mtu peke yake, bila kujua mshiriki alikuwa kundi gani, kisha hupimwa wamekubaliana kiasi gani. Kipimo kinachotumiwa sana, kappa ya Jacob Cohen, hupunguza makubaliano ambayo yangetokea kwa bahati tu. Wakitofautiana mno, hurudi mwanzo. Kijana aliyelelewa kwa kusahihishwa hifdhi na ustadhi wake, herufi kwa herufi, hatauona mtindo huu kuwa wa ajabu.

Waswahili husema mtu fulani ana kifua, maana yake anatunza siri. Hatujui neno bora zaidi la kueleza sifa ya kwanza ya msaidizi wa utafiti wa hisia. Mbele yake mtu ataandika kwamba anamchukia baba yake, kwamba ndoa yake imekufa, kwamba jana alitamani kufa. Kwenye karatasi za majibu hakuna jina, kuna namba tu, na orodha inayounganisha namba na majina hufungiwa mahali pengine. Lakini msaidizi ameuona uso. Akikutana na mtu huyo msikitini au sokoni, hamjui kwa aliyoyaandika. Hata mama yake mzazi akimuuliza leo umezungumza na nani, hana jibu. Mipaka ya siri hii ipo nayo huandikwa mapema: mtu akionesha kwamba yumo hatarini kujidhuru, msaidizi hakai nayo kifuani, humpelekea msimamizi wake saa ile ile.

Sifa ya pili ni ukweli, na hapa ndipo majaribu yalipo. Kila aliyewahi kufanya kazi ya madodoso Afrika Mashariki amesikia habari za wanaoyajaza chini ya mwembe. Jua ni kali, nyumba ya ishirini iko mbali, aliyetakiwa kuhojiwa hayupo, na kalamu iko mkononi. Karatasi moja ya uongo haionekani kuwa dhambi kubwa. Lakini karatasi hizo ndizo zitakazosema kama mafunzo fulani yanawasaidia wajane, wafungwa au watoto, na mtu atapewa au atanyimwa msaada kwa ajili yake. Kughushi jibu ni kutoa ushahidi wa uongo juu ya moyo wa mtu.

Tutoe mfano wa karibu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, kwa mayatima 640 wa umri wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote na kubaki na jeraha la moyo. Walipewa tiba ya mazungumzo ambayo ndani yake mtoto hufundishwa kuitambua hisia yake, kuutuliza mwili wake na kuifikiria upya ile habari ya msiba. Waliowafundisha hawakuwa madaktari; walikuwa watu wa kawaida wa maeneo hayo waliofunzwa na kusimamiwa. Vikao vilipomalizika, watoto wa mjini na vijijini Bungoma na wa vijijini Moshi walikuwa wamepona kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Mjini Moshi tofauti haikuonekana. Baada ya mwaka, faida ilibaki kuonekana Kenya, na kwa upande wa Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana.

Matokeo hayo yasiyonyooka tunayaheshimu sana. Yangekuwa yamepikwa chini ya mwembe, yangenyooka. Kila namba pale ilitokana na mtu aliyekaa na mtoto yatima, akamuuliza kama bado anaota mazishi, na akaandika alichojibiwa, si alichotarajia.

Iko kazi moja katika fani hii ambayo mwanafunzi wetu anaiweza kuliko mwenyeji wa Stanford, nayo ni lugha. Madodoso mengi ya hisia yalitungwa kwa Kiingereza, na maswali yake hubeba mawazo ya waliyoyatunga. Swali la kama mtu huficha hisia zake, kwa mtungaji lilikusudiwa kupima mazoea yenye madhara. Lipeleke Pangani au Lamu. Kujizuia, kustahimili, kunyamaza, kumeza: haya kwetu ni maneno ya sifa. Bibi atajibu ndiyo kwa fahari, na kompyuta itamwandika kuwa yumo hatarini. Watafiti wenyewe wamekwisha kuligusa jambo hili. Mwaka 2007 Emily Butler na wenzake waligundua kwamba kuficha hisia kuliwaletea madhara machache zaidi wanawake wa Marekani wenye kushika maadili ya Kiasia kuliko wenye maadili ya Kizungu. Kuhusu mwanamke Mswahili aliyefunzwa kwamba sauti yake haivuki ua, ni nani atakayeuliza kwa maneno yanayoeleweka?

Tena Kiswahili hakina hasira moja. Kuna hamaki inayokuja na kupita, kuna ghadhabu, kuna uchungu, kuna kinyongo ambacho ndani yake limo neno nyongo na ambacho hukaa miaka. Msaidizi anayetafsiri dodoso na kuyaandika yote hayo kuwa hasira amepoteza nusu ya majibu kabla ya kuanza. Ndiyo maana tafsiri hupewa mtu wa pili airudishe Kiingereza bila kuona ya mwanzo, kisha zote mbili hulinganishwa. Kijana aliyesikiliza taarabu na mawaidha nyumbani kwao ana mtaji hapo ambao haununuliwi kwa ada.

Yapo mambo ambayo mwanafunzi Muislamu ayaulize kabla ya kukubali nafasi. Baadhi ya majaribio humficha mshiriki lengo la kweli, na mengine humwambia jambo ambalo si kweli, kisha kumweleza ukweli mwishoni. Kanuni za maadili ya fani zinaruhusu hilo kwa masharti. Dhamiri ya kijana yaweza isiruhusu, na aliyeombwa kutamka uongo ule kwa kinywa chake ana haki ya kusema anaomba kazi nyingine. Maabara nyingi zina majaribio zaidi ya moja. Vipimo vya moyo wakati mwingine hubandikwa kifuani, na hapo aombe awahudumie wa jinsia yake. Filamu na picha zinazooneshwa azijue mapema. Na wazazi wafahamu kwamba katika vyuo vingi vya Marekani kazi hii hailipwi, hutolewa kwa alama za masomo au kwa kujitolea, kwa hiyo wasiingoje kuwa karo.

Mzigo mwingine ni wa kusikia. Mwanafunzi wa miaka 20 anayetazama kwa saa tatu rekodi za wanandoa wakigombana hurudi chumbani akiwa amechoka kuliko aliyebeba zege. Mzazi akimpigia simu jioni hiyo, asimdadisi habari za maabara, amuulize tu kama amekula na kama amelala.

Kwa anayetafuta nafasi, mlango ni mwepesi kuliko wengi wanavyodhani. Asome makala mbili au tatu za mwalimu anayemkusudia, amwandikie barua fupi inayoonesha amezisoma, na ataje saa anazoweza kuzitoa kila wiki kwa muhula mzima. Hapa nyumbani aulize kwanza kama utafiti una kibali cha COSTECH, na kama ni wa afya, cha NIMR; Kenya ni NACOSTI. Na ratiba ya swala ya Ijumaa aieleze siku ya kwanza kabisa, kwa kuwa mshiriki aliyepangiwa saa saba mchana hawezi kuachwa amesimama mlangoni.